Choa cha Mwanakuu

Kila asubuhi, kabla jua halijaingia kichochoroni, Mwanakuu alikung'uta mkeka wake dirishani. Magamba ya ngozi yaliyombanduka usingizini yalishuka polepole, meupe, mepesi, yakatua juu ya kizingiti cha jirani, juu ya paka aliyelala hapo, na siku za upepo yakatua juu ya sinia la kashata la mzee aliyekuwa akiuza pale chini. Mzee huyo alijiwekea kitambaa makusudi. Akisikia bawaba za dirisha la juu zinalia, alifunika kashata zake, akageuza uso, akatema mate, kisha akasema kwa adabu zote, "Sabalkheri, Bi Mwanakuu."

"Akheri," Mwanakuu alijibu, akafunga dirisha.

Nyumba yao ilikuwa mtaa wa Kuze, ghorofa mbili, ngazi nyembamba isiyoona mwanga. Alikuwa akiishi hapo na mamake, Bi Nana, na mdogo wake, Bimdogo. Hakuzaliwa na choa. Kilimwanzia kiunoni, chini ya fundo la leso, miaka michache baada ya Uhuru, alipokuwa bado mke wa Gharib. Kilikuwa duara dogo, ukingo mwekundu na kati peupe, na kilimwasha. Gharib naye alikuwa nacho, kikubwa zaidi, chini ya kikoi, tangu kabla ya kumuoa. Lakini kwa mwanamume ugonjwa huo huitwa joto, na joto halimzuii mtu kukaa barazani na wenzake. Kwa mwanamke huitwa uchafu. Kilipompanda mgongoni Mwanakuu, kikamshuka mapajani, kikamwingia baina ya vidole, vikatoa majimaji yenye harufu ya maziwa yaliyolala, Gharib alisema hawezi kulala karibu na uvundo. Alimpa talaka yake, akaoa mtaa wa Kibokoni. Inasemekana mke huyo mpya naye sasa anajikuna.

Kazi ya Mwanakuu ilikuwa kupaka hina. Maharusi wa mitaa ile walikuwa wakimpa mikono na miguu yao, naye akawachora kwa kijiti cha ukuti, maua membamba yaliyopanda hadi kwenye kiwiko bila kukatika. Vidole vyake vilipoanza kubambuka, hapana mzazi aliyemletea tena mwari wake. Kazi ikaenda kwa Tumu, msichana aliyekuwa mwanafunzi wake, mwenye mkono mzito, ambaye kila jani alilolichora lilitoka nene kama la mchicha.

Nyumbani alikuwa na bakuli lake, kikombe chake cha bati, kata yake ya kuogea, jamvi lake. Chakula kikiiva, Bi Nana na Bimdogo na yeyote aliyewatembelea walizunguka sinia moja, kama watu wote wanavyokula. Bakuli la Mwanakuu liliwekwa ngazini. Bi Nana hakuwa mtu mwovu. Alimchagulia mwanawe mnofu mzuri kuliko wa kwake, akamtilia na mchuzi mwingi, kisha akalisukuma bakuli kwa ncha ya mwiko hadi lilipomfikia. Huo mwiko ndio uliomchoma Mwanakuu kuliko muwasho wote. Alijua kwamba mamake aliuosha peke yake, mbali na vyombo vingine, kwa majivu.

Leso zake hazikuanikwa juani, juu darini, pamoja na za wenzake, maana jirani wangeziona na kuuliza. Zilianikwa ndani, nyuma ya mlango wa stoo, gizani. Zilikauka nusu, zikavaliwa na unyevu wake, zikanuka ukungu. Alijisugua kwa kitunguu thomu hadi ngozi ikatoa malengelenge. Alijipaka ndimu na chumvi, akajipaka mafuta ya taa, na kila alipojipaka alirudi kujitanda leso mbichi kutoka nyuma ya mlango. Choa kikanenepa.

Ijumaa moja, mvua ilipokuwa imeanuka, Mwanakuu alikaa ngazini anachambua mchele. Duara moja la mkononi mwake, karibu na kifundo, likafunguka. Ukingo wake ulijikunja mara tano, ukawa ua. Baadaye ua likatoa kikonyo, na kikonyo kikatoa majani mawili, na adhana ya alasiri ilipoadhiniwa mti ulikuwa umefika kwenye kiwiko. Mwanakuu aliutazama kwa jicho la kifundi. Jani la kushoto lilikuwa limeinama kidogo kuliko ambavyo yeye angeliinamisha. Akaendelea na mchele.

Bi Nana aliiona nakshi alipoleta chakula.

"Hii ni kazi ya nani?"

"Ya choa, mama."

Bi Nana aliinama aitazame vizuri, huku kajiziba pua kwa upindo wa leso. "Nzuri," alisema. "Hata weye hujapata kutia hina ikawa namna hii." Akalisukuma bakuli kwa mwiko.

Habari zilizunguka mtaani kwa kasi ya habari za Kuze, yaani zilifika Kibokoni kabla hazijamaliza kusimuliwa. Bibi mmoja aliyekuwa akiozesha alimleta mwari wake aone. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba choa hicho hakichori ovyo. Mwari alipoketi mbele ya Mwanakuu, maua yote ya mkononi yalififia, yakaondoka, yakaja mengine, yaliyomfaa yule mwari barabara: kwa msichana mwenye vidole virefu yalikuja matawi marefu, na kwa mnene mwenye mkono mfupi yalikuja maua mapana, yaliyoachana. Hakukuwa na maharusi wawili waliopewa nakshi moja. Mabibi walisema mashallah, wakauliza Jumamosi ni nani mwengine aliyeahidiwa.

Ukawa ndio utaratibu. Mwanakuu aliketishwa upande mmoja wa chumba, mikono wazi. Katikati iliwekwa chetezo, udi ukafukizwa kuua harufu. Upande wa pili aliketi mwari, na Tumu akiwa na hina na piko nyeusi na vijiti vyake, akanakili alichokiona. Tumu hakusogea karibu. Penye ua lililofichika alisema, "Geuza mkono, mwalimu," na Mwanakuu akageuza.

Choa kilipokuwa kikichora, kilitembea ndani ya ngozi. Muwasho wake ulikuwa wa kumtoa mtu machozi, ulitambaa polepole kutoka bega hadi kidoleni, ukapinda kila palipopindwa jani. Lakini hakuruhusiwa kujikuna. Akijikuna mistari ingevurugika, na maji yangetoka, na yakitoka mwari angeona kinyaa na kutapika, kama alivyotapika mmoja. Kwa hivyo Bi Nana alisimama nyuma yake.

"Zuia, mwanangu," alimwambia. "Kitambo tu. Ni ua moja limebaki."

Wageni walipoondoka aliachwa peke yake chumbani, akajikuna kwa ubavu wa kifuu hadi damu ikachuruzika. Walimwachia halua nzuri na leso mpya. Chumba kiliondolewa jamvi, kikapigwa deki. Hapana aliyemuaga kwa mkono. Watoto wa mtaa, ambao zamani walikuwa wakimbusu mkono wakimwamkia, walimpungia kutoka mbali. Wazazi wao ndio waliowafundisha, na ni wazazi hao hao waliokuwa na Jumamosi zao.

Kisha Bimdogo akaposwa. Mposaji alikuwa Athmani, kijana wa Kibokoni, mwalimu wa skuli, mtu wa watu. Posa ilipokubaliwa tu, mgongo wa Mwanakuu ulianza kuwasha kuliko siku zote. Bi Nana alimwambia ashushe leso dirishani, akatazama, akamwita Bimdogo naye atazame. Palikuwa na mti mzima pale, umetokea kwenye uti wa mgongo, umetanda mabegani na kushuka hadi kiunoni, na katika matawi yake kulikuwa na vikuba, vile vishada vya asumini, na maua ya mkadi, kila kitu mahali pake, kila kimoja kina ukingo mwekundu na unga mweupe ndani. Ulikuwa bado haujakamilika. Mwanakuu hakuuona, kwani hakuna mtu anayeuona mgongo wake. Aliusikia tu, kwa muwasho, unavyokua.

Alikuwa na lake aliloliwaza. Siku ya kupambwa Bimdogo wanawake wangekaa watano watano kuzunguka masinia, na yeye, dada wa tumbo moja wa bibi harusi, angekaa wapi? Ngazini, na bakuli? Alitaka kula siniani, na watu, siku hiyo. Hakutaka jengine. Alilitaka mpaka akaona haya kulitaka, kwa sababu ni kitu ambacho hata mwombaji hupewa.

Akavaa buibui, akaenda zahanati, upande wa Ganjoni, akiwa ameficha mikono ndani.

Nesi alikuwa mwanamke wa Rabai aitwaye Loise. Alimwambia atoe mikono. Mwanakuu aliitoa. Loise aliishika bila kitu chochote mkononi, akavitanua vidole kimoja kimoja, akatazama katikati pale panaponuka, akaigeuza. Tangu Gharib amwache hapakuwa na mtu aliyemshika mkono, na Mwanakuu alijikaza asilie mbele ya watu waliokuwa kwenye foleni.

"Kinaota maua," alimwambia, asije akasema hakuambiwa.

"Naona," alisema Loise. "Choa ni choa tu, mama, kiwe duara, kiwe waridi. Kimekukaa muda gani?"

"Miaka."

"Leso zako waanika wapi?"

Mwanakuu alirudisha mikono ndani ya buibui. Loise akaelewa, maana huyu hakuwa mgonjwa wa kwanza kuanika nguo gizani.

Alimpa vidonge. Alimwambia avimeze kila siku pamoja na chakula chenye mafuta, miezi, asikatize hata akiona amepona. Leso azichemshe na aziweke juani. Na walio nyumbani wanaojikuna nao waje.

"Hawajikuni," alisema Mwanakuu. "Hawanigusi. Na mdogo wangu yuwaolewa, nataka niwe nimepona."

"Haya," alisema Loise. "Ukimeza bila kukosa, siku ya harusi ya mdogo wako ngozi itakuwa safi. Nenda salama."

Alimeza. Alipanda darini mwenyewe na leso zake zilizochemshwa, akazianika mchana kweupe, na majirani waliziona, wakazungumza, wakachoka. Muwasho ulipungua. Baina ya vidole pakakauka. Ikafika siku akakung'uta mkeka wake dirishani na hakikuanguka kitu, na mzee wa kashata akabaki ameshika kitambaa chake hewani. Mwanakuu alisimama pale dirishani kwa furaha ya kijinga, akitazama kichochoro kisicho na ngozi yake.

Lakini mti wa mgongoni nao ulianza kupukutika. Kila alipoinuka pale alipokuwa amekaa, palibaki majani madogo ya ngozi kavu, yenye mishipa yake na ncha zake. Bi Nana aliyafagia siku ya kwanza. Siku iliyofuata aliyakusanya kwenye kawa, kifuniko cha ukili, akaja akaketi ngazini, vidaraja viwili chini ya mwanawe.

"Mwanangu, maua ya mdogo wako yapukutika."

"Nameza dawa, mama."

"Najua. Nimeiona." Bi Nana aliitikisa ile kawa. "Dawa ni jambo zuri, siwezi nikakukataza. Lakini watu wote washajua. Mama mkwe wake ashaambiwa kuna mti. Akija akaona mikono ya Bimdogo ina haya mamboga ya Tumu, tutaziweka wapi nyuso zetu?"

"Nimtie hina mimi. Vidole vyangu vishapoa, mama. Tazama."

Alivinyoosha. Vilikuwa vimepoa kweli. Bi Nana alivitazama, na mwili wake, bila yeye kuuamuru, ukarudi nyuma kidogo. Aliona mwenyewe kuwa umerudi, akatazama kawa.

"Watu hawatakubali," alisema. "Dawa utaimeza baadaye. Huyu yuwaolewa mara moja."

"N'taka kula siniani, mama. Siku ya arusi yake. Nisiwe ngazini."

Bi Nana aliyapanga upya majani ndani ya kawa. Bimdogo ndiye aliyejibu. Alikuwa amesimama mlangoni akiwasikiza, macho yamemwiva kwa kulia. Alishuka akachutama karibu na dada yake kuliko alivyowahi kuchutama kwa muda mrefu.

"Dada, nakuapia. Sinia langu mimi, la chumbani, n'talila na weye. Mimi na weye tu, kabla sijatolewa kwa watu. Niachia mti wangu."

Alikuwa akisema kweli. Mwanakuu alimjua tangu alipokuwa akimbeba mgongoni, alijua anavyosema uongo na anavyosema kweli. Akaviweka vidonge juu ya kabati. Siku hizo hizo mvua za vuli zilianza, nguo zikakosa jua, na choa kikarudi kwa pupa, kikapita kilipoachia. Mgongo ukajaa tena. Vidole vikaanza kunuka.

Siku ya hina walimketisha Mwanakuu kwenye kigoda katikati ya chumba cha juu, mgongo wazi, uso kauelekeza ukutani. Mti ulikuwa umekamilika. Wanawake waliingia kwa zamu, vitambaa vya marashi puani, wakautazama, wakashusha pumzi.

"Mashallah, mashallah. Tazama lile tawi."

"Lakini harufu, jamani."

"Kaa huku, usimguse. Tumu, umeliona lile jani la tini? Pale penye maji."

Palikuwa na sehemu zilizokuwa zikitoa maji, na nzi walikuwa wameyajua. Bi Nana aliwapunga kwa kipepeo cha ukili bila kumkaribia mwanawe. Tumu alichora tangu asubuhi mpaka magharibi, mikono miwili ya Bimdogo na miguu, na kwa mara ya kwanza majani yake yalitoka membamba. Mwanakuu alikaa na mikono imefungwa mapajani kwa leso, kwa ombi lake mwenyewe, asije akajisahau akajikuna. Ukuta ule aliutazama hadi akajua kila ufa wake. Wanawake walipokuwa wakila chini, aliletewa bakuli lake. Hakulila. Alikuwa akiweka njaa.

Siku ya kupambwa, Bimdogo alitimiza ahadi. Kabla hajatolewa kwa watu alimwambia mamake alete sinia chumbani na afunge mlango. Bi Nana alileta pilau, sinia la watu watano, nyama juu, kachumbari pembeni. Aliliweka mkekani, akatoka.

Mwanakuu alikuwa ameoga mara mbili. Alikuwa amejipaka mafuta ya nazi mikononi ili kisibambuke kitu. Walikaa, wakasema bismillahi, wakatia mikono. Mkono wa Bimdogo ulikuwa na matawi ya hina kuanzia kwenye kucha hadi kwenye kiwiko. Wa Mwanakuu ulikuwa na matawi yale yale, kwani choa kilikuwa kimeshuka kutoka mgongoni asubuhi ile, jani kwa jani. Ilikuwa mikono miwili ya aina moja katika wali mmoja.

"Tamu," alisema Mwanakuu. Hakukumbuka kama aliwahi kula pilau yenye moto namna ile. Ya bakulini ilikuwa ikifika ngazini imeshapoa.

Bimdogo aliminya tonge, akalitia mdomoni. Alitafuna. Akaendelea kutafuna, machozi yakamjaa, na tonge halikwenda. Alijaribu, mtu hawezi kumsingizia kwamba hakujaribu. Aliziba mdomo kwa mkono uliochorwa, mabega yakamruka, na mwisho akalitema tonge kiganjani, akaliweka kwa utaratibu kwenye ukingo wa sinia.

"Nisamehe, dada," alisema. "Wallahi si mimi. Ni tumbo."

"Najua."

"Labda ni woga wa arusi."

"Labda," alisema Mwanakuu.

Bimdogo aliinuka akanawa kwa sabuni, mara ya kwanza, na mara ya pili, akijisugua hadi kwenye kiwiko ijapokuwa aliambiwa sabuni haina urafiki na hina. Kisha akafungua mlango na kutoka. Vigelegele vilipanda ngazini. Mwanakuu alisikia wanawake wakimpokea, wakimshika ile mikono, mmoja baada ya mmoja, wakiigeuza, wakiibusu, wakiuliza jinsi ua fulani lilivyopatikana.

Bi Nana alichungulia mlangoni. Uso wake ulikuwa umeng'aa kwa furaha na jasho.

"Wamependa mno," alisema. "Kuna watu wa Ndia Kuu wana mwari wao, nimewaambia waje Jumamosi. Usivianze vile vidonge kwanza, mwanangu. Ule, ushibe. Lote ni lako."

Akafunga mlango. Mwanakuu alikuwa ameshaanza kuwashwa, kwenye muundi safari hii, mstari mwembamba unaotafuta pa kupinda. Hakujikuna. Alikula upande wake wa sinia, polepole, akala na upande wa mdogo wake. Wali ulipokwisha alilichukua lile tonge lililotemwa, lililobaki ukingoni, akalitia mdomoni na kulimeza. Halikumtia kinyaa.